Maziwa ya Papai Bichi

Povu la maji ya ndizi halimngoji mtu. Linapanda jeupe juu ya kata, linakaa kidogo likijivuna, halafu linaanza kuzama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni. Na katika nyumba ya mzee Kambere, pale Butembo, povu hilo ndilo lililokuwa hakimu. Mwanamke aliyeposwa hutoka nje uso wazi, hupokea kata kwa mikono miwili, hunywa kidogo mbele ya mposaji, kisha humpa naye anywe. Asipotoka kabla povu halijafa, amekataa. Hakuna anayemwita mara ya pili, wala hakuna anayemuuliza kisa.

Rébecca, dada yake Kambere, alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jiko, amejifunika kitenge mpaka puani. Kupitia nafasi za matete aliiona baraza ya nyumba kubwa ng'ambo ya ua, akaona maji ya ndizi yakimiminwa katani, akaona povu lake likizaliwa.

Na nyuma ya povu lile aliketi Hippolyte.

Ee moyo, una kazi gani kupiga ngoma katika nyumba isiyo na harusi! Amekonda. Koti lake lilikuwa limelowa mabegani kwa mvua ya njiani, na tai yake nyeusi ilikuwa imepinda. Macho yake hayakukaa kwa Kambere aliyekuwa akisema, wala kwa wazee wa kanisa waliokuwa wakiitikia. Yalizunguka ua mzima kama ya mtu aliyepoteza ufunguo.

"Toka," Jokébed alimnong'oneza. Huyu Jokébed alikuwa rafiki yake tangu utotoni, mwanamke wa mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. "Toka, Rébecca. Ule mutu amefunga tai kwa ajili yako."

"Angalia kwanza huu uso, ndiyo useme toka."

Rébecca akashusha kitenge. Jokébed akaangalia, akahamisha macho upesi kwenye chungu.

"Haiko mubaya sana."

"Jokébed, umesali leo?"

"Nimesali asubuhi."

"Basi urudi kusali tena, maana umesema bongo, umenidanganya."

Mashavu yote mawili yalikuwa mekundu kama nyama mbichi. Chini ya macho ngozi ilikuwa imevimba na kung'aa, na pembeni mwa mdomo ilikuwa ikibanduka vipande vipande kama ganda la ndizi iliyochomwa. Aliyetaka kuondoa makunyanzi alikuwa ameondoa uso.

Haikuanzia hapo. Ilianzia Beni, kule chini kwenye joto, kabla waasi walioitwa Wasimba hawajafunga barabara. Rébecca alikuwa mjane tayari. Mume wake, Ananie, alimfia bila kumwachia mtoto, akamwachia tu shamba la kahawa na shemeji anayeitwa Abdias, aliyelipenda shamba lile mpaka akamtaka na mwenye shamba. Desturi ilikuwa upande wa Abdias. Mke wa marehemu hubaki kwenye ukoo. Basi Rébecca akateremka Beni kutafuta kazi, akakaa kwa Jokébed aliyekuwa akikama mapapai kwenye shamba moja njia ya Mbau. Kazi yenyewe ni kuchanja papai bichi likiwa bado mtini, kukinga maziwa yake meupe, kuyaanika mpaka yawe unga, na kuuza. Wazungu waliyanunua, yakaenda mbali.

Siku walipokwenda buro ya serikali kuandikisha vitambulisho, karani wa pale, kijana mrefu kutoka Kasai, alishika kidole gumba cha Jokébed, akakipaka wino, akakikandamiza. Likatoka doa jeusi tu. Akajaribu tena. Doa. Maziwa ya papai yalikuwa yamekula mistari yote ya vidole vya yule dada.

"Mama," karani alisema, "wewe serikali haikujue. Ukiiba mbuzi, hatuwezi kukukamata."

Jokébed akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaja Rébecca. Karani akakandamiza kidole chake, akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Huyu," akasema taratibu, "hata nikiwa kipofu nitamujua."

Rébecca alicheka. Na Hippolyte, maana ndiye aliyekuwa karani, akaona mistari miwili ikifunguka pembeni mwa mdomo wa mwanamke yule, akasahau kuita anayefuata.

Mapenzi yao yalikuwa ya mchana, ya njia ya soko, ya benchi la kanisa. Kitu kimoja tu kiliingia katikati kama mchanga katika ugali. Dada yake Hippolyte, Ngalula, alifika kutoka Kasai kumtembelea kaka yake, akamtazama Rébecca toka juu hata chini, akasema mbele ya watu: "Kaka, nilisikia unaoa. Mbona umetuletea shangazi?"

Watu walicheka. Hippolyte alimkaripia dada yake palepale. Lakini neno likishaingia sikioni, nani wa kulitoa? Ni kweli Rébecca alimzidi miaka sita. Usiku ule alikiangalia kioo, na kwa mara ya kwanza kioo kilimjibu.

Kisha vita vikaja, barabara ikafungwa, akakimbilia Butembo kwa kaka yake huku Hippolyte akibaki Beni na buro yake. Butembo ni juu, ni baridi, na upepo wa milima unakausha uso kama mkono wa mpagazi. Kila asubuhi Abdias alipita kumsalimia Kambere na kumwahidi magunia ya kahawa. Kila jioni Rébecca alihesabu nyufa mpya kwenye paji la uso wake.

Mtu mmoja tu alimpa shauri la maana. Ni Mama Monique, muuguzi wa zahanati, mwanamke mpole mwenye ngozi kama ya msichana. Rébecca alimwendea akitegemea kusikia habari za mafuta ya Kampala, yale ya kopo la bluu ambayo wake wa wafanyabiashara waliyatumia kwa kujionyesha.

"Achana nayo," Mama Monique alimwambia. "Bei yake inapita kazi yake. Sikia. Jioni unawe kwa maji ya uvuguvugu. Uso ukiwa bado muloevu, upake mafuta ya avoka, kidogo tu. Mchana usitembee kwenye jua kichwa wazi. Jua ndiyo fundi wa makunjo. Usijisugue na jivu, usijisugue na ndimu. Na uvumilie."

"Yataisha?"

"Hayaishi, mama. Yatapungua. Mwenye kukuambia yataisha, anataka franga zako."

Na yalipungua! Ndiyo hapo palipomuuma Rébecca sasa, kuliko hata ngozi yenyewe. Avoka, ndiyo maparachichi, zilioza bure chini ya miti ya jirani; akaziponda, akazikamua, akapaka, akavumilia. Nyufa za chini ya macho zikalainika. Mistari ya paji la uso ikawa kama maandishi yaliyopitishwa kitambaa. Hata Débora, binti wa Kambere, alimwambia, "Shangazi, umelala vizuri siku hizi." Angevumilia mwezi mmoja zaidi, angetoka jikoni leo kama malkia.

Lakini barabara ikafunguliwa, na kwa kamyo ya kwanza akaja Jokébed na habari mbili. Ya kwanza: Hippolyte anakuja Jumamosi kuposa. Ya pili ilikuwa ndani ya kichupa.

"Unga wa papai," Jokébed alisema. "Weye unapaka mafuta ya avoka mpaka Yesu arudi? Tia maji kidogo, jipake ulale nayo. Si unajua nyama ya mbuzi muzee? Ukiipaka hii, inakuwa laini kama ya mwana-mbuzi. Na vidole vyangu, angalia: kuko hata mustari moja?"

Ni watu wa mapapai tu wanaoweza kukosea hivyo. Kinachoshinda nyama ya mbuzi mzee, kitashindwaje na uso wa mwanamke? Rébecca alijipaka, akalala nayo. Alfajiri aliamka akilia kabla hajajua kwa nini.

Na sasa povu lilikuwa likishuka.

Barazani sauti ya Kambere ilisikika, nzito, ya mtu aliyezoea kuongoza sala ndefu. "Bwana Hippolyte, hapa kwetu hatuvute mwanamuke kwa kamba. Kata imemiminwa. Dada yangu iko jikoni, anasikia. Kama anakupenda, mulango haufungwe na kufuli."

"Pengine hajasikia, shemeji."

"Usiniite shemeji bado. Povu iko pale."

Abdias alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyuma, kofia magotini. Hakuwa na haja ya kusema. Yeye alikuwa ameioa subira, na subira ilikuwa ikimzalia.

Rébecca aliushika mlango. Akitoka, Hippolyte atauona uso huu, Ngalula ataletewa habari, na neno lile la shangazi litaota mizizi. Asipotoka, jioni hii Kambere atamwambia Abdias aje amchukue na vitu vyake. Mbele moto, nyuma moto. Na jiko lenyewe lilikuwa na mlango mmoja.

"Jokébed, umwambie niko mugonjwa."

"Mugonjwa hutoka akishikwa mikono. Kaka yako atasema nikushike."

"Umwambie nimekufa, basi."

"Hippolyte ataomba akuzike mwenyewe. Weye humujui huyu Mukasai?"

Honi ya lori ililia barabarani, mara moja, ndefu. Lori lililomleta Hippolyte lilipaswa kurudi Beni kabla wanajeshi hawajafunga baryeri, kile kizuizi cha barabarani, na ruhusa ya mkubwa wake wa kazi ilikuwa ya siku ile moja. Kambere aliisikia honi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Povu na lori vilikuwa vikimfanyia kazi.

"Débora!" aliita. "Chukua kata, umupe mugeni anywe asiende na kiu."

Débora, binti wa watu, alikuwa na miaka kumi na tisa na uso laini kama avoka iliyochumwa leo. Aliichukua kata. Kambere akakohoa.

"Bwana Hippolyte, umetoka mbali. Nyumba haina mwanamuke moja tu. Ukikunywa kwa mukono wa huyu mutoto wangu, sitasema hapana."

Jikoni, Rébecca aliuma kitenge. Aliona mkono mdogo wa Débora ukinyoosha kata. Aliona Hippolyte akiutazama mkono ule. Chagua, alijiambia, chagua basi tumalize. Na huku akiomba kwa nguvu zake zote asichague.

Hippolyte alisimama.

"Mwana wangu, wasingya," alimshukuru Débora kwa Kinande cha kujifunza, akaitwaa kata kwa upole, bila kuinywa. "Mzee Kambere, binti yako ni muzuri. Mais mimi sikukuja kutafuta muzuri. Nimekuja kutafuta mutu. Unipe ruhusa nisimame kwenye mulango wa jiko."

"Mwanamume haingie jikoni kwetu."

"Sitaingia. Nitasimama inje, kwenye mvua."

Wazee wa kanisa walitazamana. Mvua ilikuwa imeanza tena, ile nyembamba ya Butembo isiyo na haraka. Kambere akainua mabega. "Povu haitaogopa mvua yako."

Hippolyte akavuka ua, kata mikononi, ameifunika kwa koti lake kama mtoto mchanga. Jokébed akaruka pembeni. Kati ya Rébecca na mpenzi wake yakabaki matete tu.

"Rébecca."

Rébecca akausogelea mlango.

"Najua uko hapo. Naona bidole ya miguu."

Akavirudisha vidole.

"Kama umemuchagua Abdias, sema tu. Nitapanda kamyo, sitakutukana. Vita vilipokuja nimelala porini upande wa Eringeti, nimekula mihogo bila chumvi, nimefichwa chini ya magunia ya kahawa. Yote ile nilivumilia kwa sababu ya mutu moja. Donc mutu huyo aniambie kwa mudomo wake."

"Nenda, Hippolyte."

"Aha. Kumbe uko mzima. Nenda kwa sababu gani?"

"Kwa sababu Ngalula alisema kweli."

"Ngalula! Ngalula alisema pia gari-moshi linakula makaa kwa sababu ni mulozi. Wewe unamusikia Ngalula?"

"Mimi ni muzee, Hippolyte. Na sasa ni muzee na niko mubaya."

"Fungua nione huo ubaya."

"Hapana."

"Umefanya nini?"

Alitaka kudanganya, akaacha. Akamwambia. Avoka, Mama Monique, kichupa, mbuzi mzee, alfajiri. Akamaliza, akasubiri. Upande wa pili wa matete ukasikika mlio kama wa chungu kinachochemka.

"Unacheka?" Rébecca aliuliza.

"Hapana."

"Hippolyte, unacheka!"

"Nacheka kidogo. Mbuzi muzee, Rébecca? Ulitaka kunipikia?"

"Kwenda!" Aliupiga mlango kwa ngumi, matete yakatikisika. "Mimi nimeungua hapa, nimefungiwa kama kuku, kaka yangu ananiuza kwa kahawa, na wewe unasimama unacheka! Nimejichoma kwa ajili yako! Nilitaka uone uso wa ile siku ya kwanza!"

Kicheko kikakatika. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa chini, karibu sana na matete.

"Ile siku ya kwanza niliona nini? Niliona mistari. Ya kidole, halafu ya mudomo. Kazi yangu ni nini, Rébecca? Kila siku wanakuja bamama ba mapapai, bidole ni kama sabuni. Siwezi kubaandika. Mutu aliyefutika, naandika jina lakini simujue. Na wewe, mistari yenye ilikuwa yangu, ndiyo unaifuta?"

Kisha, kama mtu anayesema na mvua, akatongoa maneno aliyoyatunga chini ya yale magunia:

"Uso wako si ukuta, niupake niufute;
makunjo nayatafuta, niyasome yote yote."

Jokébed akanong'ona kutoka kwenye kona ya kuni: "Yesu wangu, kama hutoki, mimi natoka."

Honi ikalia tena. Mara mbili. Mtu akapaza sauti barabarani: "Karani! Baryeri inafungwa! Tunaenda!"

Rébecca alichungulia chini ya mlango. Miguu ya Hippolyte haikusogea.

"Kamyo yako," alisema.

"Naisikia."

"Mukubwa wako atakufukuza."

"Pengine."

"Hippolyte, kimbia!"

"Povu imebaki kidogo kama kipande ya franga," Hippolyte alisema. "Sitaangalia kamyo. Naangalia hii."

Lori likaunguruma, likabadilisha gia kwenye kilima, mngurumo ukapungua, ukawa mbu, ukawa si kitu. Ndipo Rébecca alipoelewa kwamba mwanamume yule alikuwa amejifungia nje kama yeye alivyojifungia ndani. Mlango ulikuwa mmoja kwa wote wawili. Na ufunguo haukuwa kwa Kambere, wala kwa Abdias, wala kwa wanajeshi wa baryeri.

Akavua kitenge, akakitupa juu ya kuni. Akafungua.

Mwanga wa mchana ulimpiga usoni kama kofi. Barazani mwanamke mmoja aliguna. Débora alishika mdomo. Hippolyte alimtazama, na Rébecca alimwona akiumia, maana uso ule ulikuwa wa kuumiza; lakini macho yake hayakukimbia. Yalitembea polepole, paji la uso, macho, mashavu, mdomo, kama kidole kinachofuata maandishi.

Hakusema kwamba ni mzuri. Angesema hivyo, Rébecca angempiga.

"Inauma?" aliuliza.

"Sana."

"Tutaenda kwa Mama Monique."

Rébecca akaichukua kata kwa mikono miwili. Pembeni kabisa, kwenye ukingo, povu lilikuwa limebaki, duara dogo jeupe. Akainua, akanywa. Ukali wa maji ya ndizi uliingia katika midomo iliyopasuka, machozi yakamtoka yenyewe. Akampa Hippolyte. Naye akanywa mpaka chini, mvua ikimdondokea katani.

Kambere alikuwa amesimama. Alitafuta cha kusema, na desturi ikampa kile kimoja tu alicholazimika kuuliza.

"Rébecca. Mutu huyu, unamujua?"

"Namujua, kaka."

"Na wewe, karani. Hata na uso ule?"

"Mimi ndiye nilimuandika, mzee. Hakosekane kwangu."

Abdias alivaa kofia yake. Akatoka kwa njia ya nyuma, bila kuaga, akipitia upande wa mashamba ya kahawa.

Kambere aliitazama barabara tupu, akautazama mlima, akamtazama mgeni aliyelowa. "Baryeri imefungwa," akasema kwa uchungu. "Pengine kwa wiki, pengine kwa mwezi. Alors huyu atalala wapi?"

Jokébed akatoa kichwa jikoni. "Kwako, mzee. Si umesema mulango haufungwe na kufuli?"

Mzee mmoja wa kanisa alikohoa kuficha kicheko, akashindwa. Débora akafuata. Na Rébecca, aliyekuwa ameapa asiusogeze uso ule hata kidogo kwa maumivu, alijizuia, akajizuia, kisha akacheka. Alicheka huku akishika mashavu, akisema "aii, aii, musinichekeshe," na ngozi iliyoungua ikapasuka palepale ilipozoea, pembeni mwa mdomo, mistari miwili, mmoja huku na mmoja huku.

Hippolyte aliiona.

"Hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta."